Mita Mia Tisa

Kila siku wananiuliza hapa mapokezi:
"Dada, bustani ya michezo iko mbali?"
Nami huwaonyesha dirishani
lile gurudumu kubwa juu ya mijakaranda,
viti vyekundu, viti vya bluu, vinapanda, vinashuka.
Mita mia tisa. Nimezipima kwa miguu yangu
siku ya mapumziko, nikihesabu hatua
mpaka hesabu ikanipotea pale penye mtaro.

Kuona si kufika.

Maana barabara ilipopanuliwa
njia ya wapita kwa miguu ilianza vizuri getini kwetu,
matofali ya kijivu, ukingo umepakwa chokaa,
ikaenda, ikaenda, hatua mia mbili na kumi,
ikafika kwenye nguzo ya umeme ikasimama,
kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka.
Baada ya nguzo ni mtaro, na baada ya mtaro
ni malori ya Namanga
ambayo breki zake ni honi.

Basi dogo la hoteli lipo, ndiyo.
Linaondoka saa nne, linarudi saa kumi,
na ni la wenye mkanda wa kijani mkononi.
Mkanda wa kijani ni elfu arobaini kwa kichwa.
Hilo nimeagizwa nilitamke nikitabasamu.

Jumamosi ile akaja Bi Paskalina Tluway,
ameondoka Karatu alfajiri,
chumba kimoja, usiku mmoja, amelipa kwa noti
zilizokunjwa zikawa ndogo kama kiberiti.
Mjukuu wake, Boay, miaka saba,
hakusema nami. Alikuwa anaongea na gurudumu.
"Elfu arobaini," bibi akarudia bila hasira,
kama anayeonja mboga akakuta chumvi imezidi.
"Na kwa miguu?"
"Kwa miguu, bibi, hakuna njia."
Akanitazama.
"Wewe mwenyewe unafikaje kazini?"

Nikanyamaza. Kwa sababu njia ipo.
Tunaijua sote: wafua mashuka, wapishi,
na Lomayani, anayeendesha lile gurudumu,
tuliyepanga naye nyumba moja kule ng'ambo.
Ni ya nyuma. Unapita jalala la jikoni,
migomba ya Nanyaro (ukisalimia, mbwa hanyanyuki),
kisha mfereji, na juu ya mfereji ubao mmoja
unaodunda katikati,
kisha uzio wa michongoma wenye tundu
la kimo cha mtu aliyeinama.
Kwenye ramani ya ukutani
pale pote pamepakwa kijani kitupu.

Nikachukua risiti, nikaigeuza, nikachora.
Penye jalala nikaandika "maua".
Nikaona haya. Nikafuta.

Walitoka saa nne kasoro, amemshika mtoto mkono
na karatasi ameishika kwa meno
huku akifunga kanga vizuri.
Saa nne basi likaondoka na watu watatu,
viti kumi na moja vitupu.

Nilikuwa na wageni wa kuandikisha,
lakini jicho halina bosi.
Kiasi cha saa tano kiti kimoja chekundu
kikasimama juu kabisa, kikakaa
muda mrefu kuliko zamu.
Lomayani huwa hasimamishi gurudumu kwa yeyote.
Meru ilikuwa wazi siku hiyo, nyuma yake.

Walirudi jioni, mtoto amelala mgongoni,
matope ya mfereji yamemfika bibi magotini.
"Ubao wenu mbaya," akasema, akichukua ufunguo.
"Pole sana, bibi."
"Nimeugeuza. Upande wa chini ni mzima."

Jumatatu asubuhi nikapita.
Haukudunda.
Nikarudi nyuma nikauvuka tena, polepole,
nikachelewa kazini dakika sita,
mimi, niliyeulaani ubao ule
miaka minne,
kila siku mara mbili.